Shubiri Moja Miguuni pa Parola

Wachezaji wa zamani wa timu ya Kiwanda cha Sukari cha San Aniceto walifika msibani siku ya tatu, alasiri, wamevaa fulana za ujana wao juu ya matumbo ya uzeeni. Walikuwa wameleta mpira. Kila mmoja alikuwa ameutia saini, na sasa walitaka uzikwe pamoja na mwenzao, Teodulo Sumagaysay, ambaye kisiwa kizima cha Negros kilimwita Parola, yaani mnara wa taa.

Mjane wake, Librada, aliwakubalia kwa kichwa. Sehemu ya juu ya jeneza ilikuwa ya kioo, uso wa marehemu ukionekana. Sehemu ya chini ilifunikwa kwa ubao. Crispulo, aliyekuwa mgawa mipira wa timu na mfupi kuliko wote, alikiinua kifuniko hicho ili auweke mpira ubavuni mwa miguu.

Haikumlazimu kuusukumiza ubavuni. Mbele ya nyayo za marehemu, zilizovishwa soksi nyeupe bila viatu kama inavyopasa, palikuwa na nafasi tupu ya shubiri nzima na ziada. Crispulo aliuweka mpira pale, nao ukatulia kama kitu kilichotandikiwa kitanda.

"Mwoneni mwenzetu," alisema. "Hata huku ameacha uwanja wa kukimbilia."

Watu wakacheka. Wacheza karata waliokuwa barazani, wakikesha na maiti kama ilivyo desturi, wakauliza kuna nini, wakaelezwa, nao wakacheka. Ndipo Shangazi Iluminada, dada mkubwa wa marehemu, alipoinuka kitini kwa kujikokota, akaja akachungulia, na kicheko kikakatika kuanzia jirani yake hadi barazani.

"Jeneza hili nani kaliagiza?"

"Kiwanda, Shangazi," alisema Crispulo.

"Kwa kipimo cha nani?"

Crispulo aliinama kuurekebisha mpira.

"Kuna mtu mwingine anangojewa humu," alisema bibi yule, bila kupaza sauti, kama anayetaja hali ya hewa. Akarudi kukaa.

Hapakuwa na mtu mle ndani aliyehitaji kufafanuliwa. Jeneza likimzidi maiti, nafasi inayosalia hudai mtu wa nyumba ile ile. Na nyumba ile ilikuwa imebakiwa na watu wawili tu: Librada na binti yake wa pekee, Arceli. Librada hakujiogopea nafsi yake. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, ambaye jeneza refu namna ile lisingemhitaji. Lakini wakati uleule Arceli alitokea jikoni akiwa na sinia la vikombe, akainamisha kichwa ili asigonge kizingiti cha mlango, kwa namna ileile aliyoinama baba yake kila siku ya ndoa yao, na Librada akainuka haraka kumpokea sinia.

Kosa lile la kipimo halikutokea kwa bahati mbaya. Lilikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano, na lilikuwa na wenyewe.

Teodulo alizaliwa katika kambi ya wakata miwa. Baba yake alikata miwa ya ukoo wa Arrizabal, na babu yake vilevile. Kijana alirefuka kupita kiasi cha chakula alichokula, mikono ikamwagika hadi karibu na magoti, vidole vikawa kama vijiti vya kusukia mikeka. Pale kambini palikuwa na mnazi uliopigiliwa pete ya pipa, na hapo ndipo alipojifunza mpira wa kikapu. Sasa, chini ya mnazi ule palipita mtaro wa maji machafu ya kiwanda. Msimu wa kusaga miwa ulipoanza, mahali pote chini ya pete paligeuka tope zito lenye harufu ya molasi, na penye ukavu palikuwa mbali, hatua nyingi kutoka kwenye shina. Wavulana wafupi walitifuana topeni. Teodulo alikuwa na suruali moja, na mama yake alikuwa na mkono mwepesi. Alisimama pakavu, akarusha kutoka huko.

Timu ya kiwanda ilipomchukua, akiwa na miaka kumi na saba, kocha alimpeleka moja kwa moja chini ya kikapu. Wakati huo kila mchezaji mrefu kisiwani alipandwa pale kama nguzo: akamate mpira unaorudi, ampe mfupi, asidunde, asirushe, asifikiri. Teodulo alikamata, akatoka nje taratibu mpaka mahali alipopazoea, akageuka, akarusha karibu bila kuruka. Mpira ukaingia. Kocha akampigia kelele arudi chini. Aliporudia, akatolewa akakae benchi. Aliporudia mechi iliyofuata, akatolewa tena. Alikaa benchi miezi, kwa kosa la kuingiza mpira kutoka mahali pasiporuhusiwa.

Kisha ikaja fainali ya kisiwa, Bacolod. Nguzo ya wapinzani ilikuwa kijana mnene aliyeijaza nafasi yote chini ya kikapu, na San Aniceto walikuwa wameachwa mbali. Kocha, kwa kukata tamaa tu, alimwambia Teodulo afanye upuuzi wake. Teodulo alisimama nje, akafanya upuuzi wake mpaka yule mnene akalazimika kumfuata huko, na alipomfuata, kikapu kikabaki bila mlinzi na wafupi wa San Aniceto wakaingia kama kuku waliofunguliwa banda. Watu wakamwita Parola, kwa sababu alisimama mbali na kazi yake ikaonekana palepale ilipotakiwa. Miaka michache baadaye hapakuwa na kijana mrefu Negros nzima aliyekubali tena kupandwa kama nguzo. Hilo alilifanya mtu mmoja, mwana wa mkata miwa, na hakuna aliyemfundisha.

Lakini ukoo wa Arrizabal, wenye kiwanda, haukutosheka na alichokuwa nacho. Parola alikuwa na futi sita na inchi nne, kimo cha ajabu kwa watu wetu. Kiwanda kikamwandika futi sita na inchi nane. Kikazichapa kwenye matangazo ya mechi, kikazipaka rangi ukutani mwa ukumbi wa michezo, kwa herufi ndefu kama yeye. Watu wale wale ambao hawakuwahi kumwongezea baba yake kijiko cha wali walimwongezea mwana inchi nne kwa siku moja, kwa kuwa inchi zile zilikuwa zao, si zake.

Hivyo fundi Tolome wa duka la majeneza alipopiga simu kiwandani kuuliza urefu wa marehemu, karani alimtajia kilichoandikwa ukutani. Tolome, kwa heshima, akaongeza kidogo pande zote mbili.

Librada alikaa kando ya jeneza jioni ile nzima bila kuuondolea macho mgongo wa Arceli. Arceli alibeba mabenchi: Librada akashika ukingo wa kiti. Arceli alipanda ngazi akiruka kidato: Librada akafumba macho. Binti alikuwa na miaka ishirini na saba, alifundisha michezo kwenye shule ya sekondari, na kila Jumamosi alichezea timu ya walimu wanawake. Urefu, mikono, vidole, kifua kilichobonyea kidogo katikati, vyote alivirithi. Mama alizoea kujivunia. Sasa alivitazama kama mtu anayesoma anwani kwenye bahasha.

Alasiri ya siku iliyofuata alifika Daktari Villaruz, mwanamke kijana wa kituo cha afya cha mji. Alisali, akapokea kahawa kutoka kwa Arceli, na badala ya kunywa akabaki ameushika mkono uliomletea kikombe.

"Hebu kunja ngumi, gumba ndani," alisema.

Arceli alikunja. Ncha ya gumba ikachomoza upande wa pili wa ngumi.

"Baba yako naye alikuwa hivi?"

"Baba alikuwa anatufanyia hivyo tucheke."

Daktari hakucheka. Aliuliza jinsi alivyokufa. Arceli akamweleza: alikuwa anafunga wavu mpya kwenye kikapu cha mtaa, bila ngazi, kiti kidogo tu, akasema kitu kimechanika mgongoni, katikati ya mabega, akakaa chini, hawakufika naye hospitali. Daktari alimuuliza mambo mengine mawili matatu kwa sauti ya chini, akaaga.

Hapo Librada akabanwa na desturi. Mgeni wa msiba hasindikizwi mlangoni, asije akafuatwa na mkosi, na Librada katika siku zile hakuwa mtu wa kuongeza mkosi mwingine. Akabaki kitini, ikambidi aulize kwa sauti, mbele ya wacheza karata na kila mtu.

"Daktari. Mwanangu ana nini?"

Daktari aligeuka akiwa mlangoni. Aliwatazama watu, akaona hapana faragha ya kupatikana.

"Mama, sijui kama ana kitu. Lakini kuna watu warefu, wembamba, wenye vidole hivi, ambao mshipa mkubwa unaotoka moyoni ni dhaifu. Unapanuka kidogo kidogo, hauumi, siku moja unachanika. Hutembea kwenye damu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Aende Bacolod apigwe picha ya moyo. Asingoje."

Akaondoka. Shangazi Iluminada alijipiga ishara ya msalaba, akasema, "Nilisema mimi," na safari hii hakuna aliyetaka kumsikia.

Librada alimfuata bintiye jikoni. Arceli alikuwa anakoroga uji wa mchele na kuku katika sufuria ya wageni, akikoroga kwa nguvu kuliko uji ulivyohitaji.

"Utaenda lini?"

"Wapi?"

"Usinichezee, Arceli."

"Siendi, Mama. Nikienda wataniambia. Nisipoenda hawataniambia."

"Baba yako naye hakuambiwa."

"Na amecheza mpaka siku ya mwisho. Hakuishi ameshika kifua kama bibi kizee kanisani."

"Amekufa akiwa na miaka hamsini na miwili juu ya kiti cha jikoni."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Uji ukaanza kushika chini naye asiukoroge, na Librada akatambua kuwa binti yake, ambaye mjini alijulikana kwa kumsukuma mtu yeyote chini ya kikapu bila kuomba radhi, aliogopa kuliko yeye.

"Wewe unaogopa sanduku la mbao," Arceli alisema bila kugeuka. "Mimi naogopa mashine. Tofauti yetu nini?"

"Sanduku linakatika."

"Basi likate. Si unajua kwa nini limezidi? Mimi najua, wewe unajua, mtaa mzima haujui. Keshokutwa, siku ya mazishi, kwenye ukumbi wa kiwanda, Senyor Leandro akimaliza porojo zake, familia itaitwa iseme neno. Simama useme baba alikuwa na futi sita na inchi nne. Sema na ya Manila. Ukithubutu, nitapanda basi la Bacolod siku ya pili yake, na mashine yao waniwekee popote watakapo."

Alisema hivyo kwa sababu alijua mama yake hatathubutu. Tangu azaliwe Librada hakuwahi kumjibu mtu wa nyumba kubwa ya Arrizabal. Alipokutana na gari lao barabarani, alishuka mtaroni ingawa njia ilitosha. Nyumba aliyoishi ilikuwa juu ya ardhi ya kiwanda, kama nyumba zote za kambi, na mwenye ardhi hakuhitaji sababu.

Na ya Manila ilikuwa nzito kuliko inchi nne. Kila mtoto wa San Aniceto alifundishwa kwamba timu moja kubwa ya Manila ilimwita Parola, naye akakataa kwa kuipenda San Aniceto. Senyor mzee wa ukoo wa Arrizabal aliisimulia kila sikukuu. Alipokufa, mwanawe Leandro akairithi pamoja na mashamba. Vijana walioomba nyongeza ya ujira waliambiwa wamtazame Parola, mtu aliyejua maana ya uaminifu.

Habari zilimfikia msimamizi wa shamba, Porfirio, kabla uji haujapoa. Alikuja na kofia mkononi, akaketi karibu mno.

"Pole, Mama Librada. Nasikia kuna maneno ya kukata jeneza."

"Limezidi, Bwana Porfirio."

"Limezidi kwa sababu marehemu alikuwa mkubwa. Kibati cha jeneza kimeshachongwa: futi sita, inchi nane. Wageni wanatoka hadi Iloilo. Kama nafasi inawasumbua akina bibi, tutaijaza vikombe vya ushindi. Itakuwa hata nzuri."

Shangazi Iluminada, kutoka kitini kwake, alisema, "Aliyekufa hadanganywi kwa mabati."

Porfirio alitabasamu, akamwinamia Librada. "Nyumba hii imekuzoea. Senyor naye amekuzoea. Usiwafanye watu wakakuona mgeni."

Alipoondoka, Librada alisogeza kiti chake karibu na jeneza. Alikuwa na hofu mbili sasa, na hazikutoshea pamoja. Akinyamaza, abaki na nyumba, na nafasi ile iingie udongoni ikingoja. Akisema, abaki na mwana, labda, na asijue atalala naye wapi. Usiku ule na mchana uliofuata alijaribu kutafuta njia ya tatu, akasali aonyeshwe, na hakuonyeshwa.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha, ukumbi wa kiwanda ukajaa hadi juu ya ngazi za watazamaji. Jeneza liliwekwa katikati ya uwanja, chini ya ukuta wenye zile herufi. Senyor Leandro, aliyevaa shati jeupe la sherehe lililonyooshwa vizuri, alizungumza kwa ufasaha. Aliisimulia fainali ya Bacolod, ambayo hakuiona kwa kuwa alikuwa mtoto shuleni mbali. Kisha akafika alipokusudia.

"Manila walimwita," alisema. "Waliahidi makubwa. Naye akamwambia marehemu baba yangu: Senyor, mimi ni wa San Aniceto. Siku hizi tunawapata wapi watu wa namna hiyo?"

Watu wakapiga makofi. Padri akatangaza kwamba familia itatoa neno.

Librada alitembea kuelekea mikrofoni, na sakafu ile ya mbao, aliyoifagia mara nyingi siku za mechi, ilionekana ndefu kama shamba. Mikrofoni ilikuwa juu mno. Hakuna aliyekuja kuishusha, basi akainua kidevu kuzungumza nayo kama mtu anayekinga maji ya bomba kwa mdomo. Alimwona Porfirio amesimama karibu na swichi ya umeme. Alimwona Arceli kwenye benchi la mbele, mikono mirefu imebanwa katikati ya magoti, uso umepauka, akitikisa kichwa polepole: usiseme, usiseme.

Ni kutikisa kichwa kule kulikomsemesha.

"Mume wangu hakuikataa Manila," alisema. "Manila ilimpima."

Watu wa ngazi za juu waliinuka ili wamwone.

"Walimvua viatu, wakamsimamisha ukutani. Wakakuta futi sita na inchi nne. Karatasi ya kiwanda ilisema nane. Wakamwambia, wewe ni mwongo, tulitaka mtu wa nane, rudi kwenu. Hakuwaonyesha hata namna anavyorusha. Hawakumpa mpira." Alilitupia jeneza macho. "Alirudi kwa meli akaambiwa asiseme. Hakusema, miaka thelathini. Sisi wa nyumbani mwake alituambia mara moja tu, akaomba tusirudie. Nisamehe, Teo. Nimerudia kwa sababu uongo ule umekufuata hadi kwenye sanduku, na nafasi uliyoacha inamtazama mwanangu. Naomba jeneza likatwe. Sina jingine."

Mikrofoni ilizimika kabla ya neno la mwisho, lakini neno la mwisho lilikuwa limekwisha sikika. Senyor Leandro aliinuka. Kwa muda watu hawakumtazama Librada wala jeneza. Walimtazama yeye, kama walivyofundishwa, ili wajue wafikiri nini. Na huenda wangefikiri alivyotaka, lau Crispulo hangesimama akiwa ndani ya fulana yake iliyombana.

"Mimi waliniandika futi tano na inchi tisa," alisema. "Nitazameni. Mama yangu alipolisoma tangazo aliuliza, huyu Crispulo mwingine ni wa akina nani?"

Kicheko kilianzia kwa wachezaji, kikapanda ngazi. Mwingine akasimama, akasema yeye aliongezwa inchi tatu na akapunguzwa miaka mitano. Mwingine akasema alipewa hata digrii ya chuo. Walikuwa wazee wanaocheka wakiwa na macho mekundu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye peke yake aliyebeba uongo ule. Senyor Leandro alitoka kupitia mlango wa pembeni. Porfirio alimfuata na mwavuli.

Fundi Tolome alikuwa ameshika kofia kifuani. "Naweza kulikata hapa hapa, Mama," alisema. "Msumeno uko garini. Lakini padri..."

Padri alijikuna kidevu. "Kanisa haliamini mambo ya nafasi," alisema. "Ila sijaona amri inayokataza kukata mbao."

Walimtoa Parola wakamlaza juu ya mkeka, katikati ya uwanja. Arceli alishika miguu. Librada alimwona anavyomtazama baba yake mikononi, kidole kwa kidole, halafu akatazama vya kwake, halafu akaangalia pembeni haraka kama mtu aliyekutwa akichungulia. Msumeno ulilia kwa muda mrefu. Tolome alikata upande wa miguuni, akaurudisha ubao wa mwisho kwa skrubu, akapiga randa mahali palipochubuka. Kibati chenye inchi nane akakibandua, akakitia mfukoni bila kuuliza. Walipomrudisha marehemu, soksi ziligusa mbao. Mpira haukuingia tena. Crispulo aliubeba kwapani hadi makaburini, na akarudi nao.

Shangazi Iluminada alipapasa miguuni kwa kiganja. "Sasa amelala," alisema.

Librada alingoja hofu imtoke. Alingoja njiani kwenda makaburini, alingoja wakati udongo unamwagwa. Haikutoka. Ilikuwa imehama tu. Haikukaa tena ndani ya jeneza, ilikaa upande wake wa kulia, ikitembea kwa hatua ndefu chini ya mwavuli mmoja naye.

"Basi la Bacolod linaondoka asubuhi," alisema.

"Najua, Mama."

"Uliahidi."

"Nilidhani hutathubutu."

"Hata mimi."

Daktari wa moyo huko Bacolod alikuwa mzee mwenye sauti ya upole, na upole huo ulimtisha Librada kuliko kama angefoka. Mashine ilitoa sauti ya maji yanayosukumwa kwenye bomba bovu. Kioo kilionyesha kivuli kikifumba na kufumbua. Daktari alikitazama kwa muda, akapima, akapima tena.

"Mshipa umepanuka," alisema. "Haujachanika. Mmekuja mapema kuliko wengi." Akamweleza Arceli: dawa kila siku maisha yote, kurudi kila baada ya miezi sita, huenda baadaye wakambadilishia kipande cha mshipa huko Manila, huenda isihitajike kwa miaka mingi. Asibebe mizigo mizito. Na mpira, basi.

"Basi kabisa?"

"Kabisa."

Mambo mengine yalikuja kama yanavyokuja. Kabla msimu wa kusaga haujakwisha, Porfirio alileta taarifa kwamba nyumba inahitajiwa kwa ajili ya mfanyakazi wa kiwanda, na hakuvua kofia. Librada alihamia vyumba viwili alivyopanga Arceli mjini. Ukuta wa ukumbi ulipakwa rangi upya, na jina la Parola likaondoka pamoja na inchi zake, za kweli na za uongo. Waliomnyima Manila akiwa hai hawakuona shida kumnyima ukuta akiwa mfu. Lakini hayo yalikuwa bado mbele siku ile, walipotoka hospitali na Arceli akaketi ghafla kwenye ngazi za nje, magoti yake marefu yakiwazuia watu kupita.

Hakuwa amelia msibani. Sasa alilia mdomo wazi, kama mtoto, na Librada akasimama mbele yake kumkinga macho ya watu.

"Naogopa, Mama," alisema alipopata pumzi. "Nilidhani wakiniambia itapungua."

"Haipungui."

"Wewe ulipokata jeneza ilipungua?"

"Hapana."

Arceli akafuta pua kwa kiganja. "Sasa tutafanyaje?"

"Tutaogopa. Mimi nitaogopa na wewe. Kidonge kiko wapi?"

"Nitameza nyumbani."

"Meza hapa, nikuone."

Alimwita muuza maji aliyekuwa langoni, akafungua chupa mwenyewe, akamshikia. Arceli aliweka kidonge ulimini, akanywa. Librada alimtazama kooni mpaka alipoona kimeshuka, kisha akaendelea kutazama.